Gari la mama mkwe linagonga, na fundi hathubutu kusema kwa nini

Umande haujakauka, na ustadhi mmoja aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi amesimama katikati ya gereji ya Magomeni, mjini Bagamoyo, akitoa sauti za ajabu kwa kinywa chake.

"Ko, ko, ko," anasema, kisha anatikisa kichwa. "La, siyo. Ni ngo. Ngo-ngo, halafu kimya."

Mbele yake, Kibwana Mwishehe amefumba macho, anasikiliza kama mtu anayesikiliza kaswida. Grisi imempanda mpaka viwikoni.

"Hebu irudie hiyo ya mwisho, ustadhi. Hiyo ngo ni chuma kwa chuma, au kuna mpira katikati?"

Ustadhi anairudia kwa sauti ya chini. "Kuna mpira," anasema. "Ila mpira wenyewe umekasirika."

"Hapo tumeelewana," anajibu Kibwana, na anavuta jeki.

Kazi ya Kibwana ni miguu ya mbele ya magari: shokapu, springi, bushi, na kila kinachofungwa kwa nati kati ya usukani na gurudumu. Injini anawaachia wengine. Mtu ambaye gari lake linagonga kila likipita kwenye shimo, na ameshazunguka kwa mafundi mpaka amechoka, mwisho wake ni hapa, chini ya turubai lililofungwa kwenye nguzo za minazi, kando ya shimo la kukagulia ambalo mvua zikinyesha hugeuka nyumba ya vyura.

"Breki zikiisha, gari linasema. Injini ikichoka, linasema," anaeleza fundi huyu mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu. "Lakini mguu wa mbele ni mwongo. Ubovu uko kushoto, unausikia kulia. Ukilitikisa hapa limetulia kama mwari. Ukilirudisha kwa mwenyewe, linagonga kabla hajafika kwake."

Kibwana ni Mkwere wa Lugoba. Ufundi aliuanzia Chalinze, alikokuwa utingo wa malori, akalala chini ya matrela mara nyingi kuliko alivyolala kitandani. Siku njema anarudi nyumbani na samaki na akiba ya kununulia spana mpya. Siku mbaya anarudi na harufu ya dizeli tu.

Harufu hiyo ndiyo iliyokaribia kumkosesha mke.

Alipopeleka posa kwa akina Raya, ukoo wa wafanyabiashara wa siku nyingi wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, mama wa binti aliivuta hewa ya sebuleni kwa pua, kisha akamgeukia mwanawe. "Nimekulea kwa udi na marashi," alimwambia, wageni wanasikia, "leo unataka kwenda kufukizwa dizeli?"

Ndoa ilifungwa, kwa sababu Raya ana kichwa kigumu kama cha mama yake. Lakini tangu siku hiyo mama huyo, Bi Biubwa, hakuwahi kumwita Kibwana mwanangu, wala mkwe. Alimwita fundi. Na ingawa mkwewe ni fundi, gari lake alilipeleka kutengenezwa Dar es Salaam.

Bi Biubwa ni mpishi wa shughuli. Kuanzia Kaole mpaka Saadani, ni harusi chache za maana ambazo pilau haikupita mkononi mwake. Ni mwanamke wa mwili, anautembeza mwili wake kwa fahari, na akiingia jikoni wapishi wengine hujikuta wamesimama wima. Haendeshi gari. Dereva wake ni jirani yake Mahmoud, mtu mpole asiye na maneno mengi. Bi Biubwa hukaa kiti cha mbele kushoto, na kutoka hapo huliongoza gari, dereva na watembea kwa miguu.

Mwaka jana gari hilo lilianza kugonga.

Gereji moja ya Dar ilibadilisha shokapu. Linagonga. Ikabadilisha bushi. Likanyamaza siku chache, likaanza tena. Mahmoud alipolirudisha, mafundi walilizungusha mtaa mzima wasisikie kitu. Walimtazama Mahmoud kama mtu anayehitaji kusomewa.

Siku moja, wakitoka Makurunge, mlio ulizidi mpaka Bi Biubwa akaamuru gari lisimame. Akateremka, akafungua mwavuli, akatembea kando ya gari huku Mahmoud akiliendesha taratibu. Mashimo yalikuwa yale yale, lakini gari halikutoa hata mlio mmoja. Bi Biubwa alilichukulia hilo kuwa ni dharau.

"Alirudi nyumbani amenuna," anakumbuka Raya. "Akasema, hili gari linanichukia mimi binafsi."

Ingeweza kuendelea hivyo, kama si harusi ya mjukuu wa dada yake huko Saadani. Bi Biubwa ndiye aliyekuwa apike. Barabara ya Saadani si ya kwenda na gari la mashaka. Ukikwama porini, watakaokuja kukutazama mwanzo ni nyani. Raya akambembeleza mama yake mpaka akakubali. Mapema wiki ile ya harusi, Mahmoud alifika gereji na gari na ujumbe.

"Mama kasema linagonga mbele kushoto," alisema Mahmoud. "Na kasema usipake grisi kwenye viti."

Kibwana alitandika kanga mbili juu ya kiti ndipo akakaa. Waliendesha mpaka Kaole na kurudi, wakitafuta mashimo badala ya kuyakwepa. Gari lilikuwa kimya. Akalipandisha jeki, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Akalishika kulia na kushoto, akalitikisa. Akaingiza mtaimbo, akakandamiza kila kiungo. Kila kitu kilikuwa kimekaza, na bushi zile za Dar bado zilikuwa nyeusi za kung'aa.

Mwishowe akagundua kwamba kifimbo kimoja chembamba, kinachozuia gari lisilale kwenye kona, kilikuwa kimelegea kidogo sana. Akakibadilisha. Akafurahi. Akaliosha gari na kulirudisha.

Alasiri ile gari lilirudi, na safari hii Bi Biubwa alikuwa ndani yake. Hakuteremka. Alishusha kioo.

"Fundi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Linagonga."

Kioo kikapanda.

Kibwana akakaza nati zake moja baada ya nyingine. Kesho yake likarudi tena, kioo kikashuka tena. "Au unataka kuniambia nasikia mambo?" aliuliza Bi Biubwa. Kibwana anasema angekuwa na shimo la kuingia angeingia, na shimo lilikuwepo, ila mvua ilikuwa imenyesha.

Akajikaza, akaomba jambo ambalo kwao Lugoba mtu haombi: kupanda gari moja na mama mkwe.

"Kwetu, ukiona mkwe anakuja mbele, unakata kona," anasema. "Mimi nilikaa nyuma ya Mahmoud, nimejibana mlangoni, nimegeuzia uso dirishani. Nilikuwa nahesabu minazi."

Hawakufika mbali. Kwenye shimo la kwanza, gari lilitoa ngo ya kutosha kumwamsha aliyelala. Kwenye la pili, ngo-ngo.

"Umesikia?" aliuliza Bi Biubwa.

"Nimesikia, mama."

Kwa mara ya kwanza tangu posa, mama mkwe alitabasamu mbele yake. Hakuwa amechanganyikiwa. Kuna shahidi. Kwa furaha hiyo akaamuru wapite sokoni akanunue tangawizi na iliki za harusi.

Alipoteremka, lori la samaki lilikuja nyuma likipiga honi. Ikabidi Mahmoud azunguke mtaa kupisha. Walipita mashimo yale yale ya mara ya kwanza. Kimya. Wakazunguka tena. Kimya kabisa. Bi Biubwa akarudi na vifurushi vyake, akaketi, springi zikashuka, wakaondoka.

Ngo.

Kibwana akakitazama kioo cha kuonea nyuma ili akutane na macho ya Mahmoud. Mahmoud akawa ameikazia macho barabara kana kwamba ameiona leo.

"Sasa umelijua?" aliuliza mama mkwe.

"Bado nachunguza, mama." Jasho lilikuwa limeshafika kwenye soksi.

Walipomfikisha nyumbani na mlango wake ukafungwa, Kibwana alimshika dereva bega. "Wewe ulikuwa unajua?"

"Tangu Ramadhani," alisema Mahmoud.

"Na hukusema?"

"Bwana fundi, mimi nina watoto wanasoma." Mahmoud alizima gari kwa utulivu. "Na wewe umejua sasa hivi, umekaa nyuma palepale. Mbona hukusema?"

Kibwana alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa na ncha mbili. Akinyamaza, kitu kilichokuwa kinagonga huko chini kingeweza kuachia njiani Saadani, gurudumu likalala, na mama wa mkewe yumo ndani. Akisema, angemwambia Bi Biubwa, mbele ya ukoo mzima wa Mji Mkongwe, kwamba gari lake halina tabu mpaka yeye akae.

Nyumbani alimsimulia mkewe. Raya alicheka mpaka akaketi chini sakafuni, akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akaanza upya.

"Mwambie tu," alisema alipopata pumzi.

"Nimwambie vipi?"

"Mwambie gari limezidiwa na heshima."

"Raya, mimi nataka kuendelea kuishi Bagamoyo."

Wakakubaliana kwamba lazima kiti cha mbele kikaliwe na kitu kizito wakati Kibwana anachungulia chini, na kitu hicho kisiwe mama. Kesho yake, Alhamisi, Bi Biubwa alikuwa na hitima ya jirani. Alipoondoka tu, Raya na Mahmoud waliingia stoo yake, wakabeba mchele wa harusi ya Saadani, magunia ya kilo ishirini na tano, wakayapakia kwenye bajaji mpaka gereji.

Gari liliwekwa juu ya shimo, magurudumu yakikanyaga mbao imara, kwani hapa ndipo Kibwana alipokuwa amekosea siku zote mbili. Gari likiwa juu ya jeki, gurudumu huning'inia, na kila kitu chini yake hukaa mahali pasipo pake. Alitaka kuliona limesimama kwa miguu yake, likiwa na abiria.

Wakaweka magunia mawili kwenye kiti. Raya akalikandamiza gari kwa mbele, juu chini, juu chini. Kimya.

"Moyo ukatulia kidogo," anasimulia Kibwana. "Nikasema labda nimemsingizia mama wa watu."

Gunia la tatu. Kitu kikanong'ona.

Wakaweka la nne, na kwa kuwa lilikuwa linataka kuanguka kwenye gia, Mahmoud akayafunga yote mkanda. Raya akakandamiza. Ngo.

Chini shimoni, maji yakiwa kwenye vifundo na chura mmoja akimtazama, Kibwana alimulika tochi na kuona alichokuwa akikitafuta. Mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa chini umefungwa kwenye mwili wa gari kwa bushi, yaani mpira mnene uliozungushiwa chuma, ili vyuma viwili visigusane. Bushi ya nyuma ilikuwa imepasuka ndani kwa ndani. Gari likiwa juu ya jeki, mpasuko ulijifunga na bushi ikaonekana mpya. Gari likiwa na watu wepesi, mpira uliobaki ulitosha kuzuia. Lakini kiti cha kushoto kikishuka vya kutosha, mpasuko ulifunguka kama mdomo wa samaki, na chuma kikagonga chuma.

Alipiga kelele ya furaha. Hakuna aliyemjibu.

Akatoa kichwa shimoni. Raya alikuwa amesimama wima. Mahmoud alikuwa ameangalia juu kwenye turubai. Kati yao, mwavuli mkononi, alikuwa Bi Biubwa. Hitima ilikuwa imeisha, amerudi nyumbani, akakuta stoo haina mchele, na majirani wakamwelekeza bajaji ilikoenda.

Hakuwa akiwatazama wao. Alikuwa akikitazama kiti chake.

"Nani huyo aliyekaa kwangu?" aliuliza.

"Mchele, mama," alisema Kibwana kutoka shimoni.

"Na mkanda mmemfungia nini?"

Mahmoud akakohoa. "Trafiki, bibi."

Bi Biubwa alizunguka gari taratibu. Ni mpishi, mchele anaujua kwa jicho. Alihesabu magunia kwa ncha ya mwavuli, moja baada ya jingine, kisha akayahesabu tena kuanzia chini. Kibwana alianza kufikiri habari za kurudi Lugoba.

"Fundi," alisema mama mkwe. "Ulianza na mangapi?"

"Mawili, mama."

Ncha ya mwavuli ikarudi kwenye gunia la pili, kisha ikapanda mpaka la nne.

"Una adabu," alisema Bi Biubwa. "Ila ungeniuliza, ningekwambia anza na manne. Umenipotezea siku tatu nzima."

Kisha akacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kidogo. Kilimtikisa mwili mzima, akaegemea gari, na gari nalo, likiwa na magunia manne ndani, likaitikia: ngo.

Bushi mpya ilikuja na basi kutoka Chalinze siku ya pili asubuhi. Gereji haina mashine ya kukandamizia, kwa hiyo Kibwana aliitoa ile mbovu kwa bolti ndefu, kipande cha bomba na matusi ya Kikwere yasiyo na madhara, akaivuta mpya ndani kidogo kidogo. Ilipokaa, alimwonyesha Bi Biubwa, ambaye safari hii alikuwa amekaa juu ya tairi la lori akisimamia, kwa nini ile mbovu ilikufa mapema.

"Walipoifunga kule Dar, waliikaza gurudumu likiwa linaning'inia," alimweleza. "Gari likashuka chini, mpira ukajinyonga. Umekaa umejinyonga miezi yote. Bolti hii hukazwa gari likiwa chini, na uzito wake wa kila siku uwe ndani."

Alipomaliza kusema, akasikia alichokisema. Akainamisha kichwa.

Bi Biubwa aliinuka kwenye tairi, akajikung'uta buibui. "Basi toeni huo mchele," alisema. "Mwenye uzito mwenyewe yupo."

Akaketi kwenye kiti chake. Kibwana akaingia shimoni, chini ya mama mkwe, na spana yake ndefu. Anasema hajawahi kukaza bolti kwa heshima namna hiyo. Kutoka juu, sauti ilimfikia: "Imekaza?"

"Bado kidogo, mama."

"Kaza! Mimi sina haraka, lakini pilau inayo."

Bi Biubwa na Mahmoud walisafiri jioni ile, kabla ya giza. Kibwana alibaki na simu mkononi, akiikagua kila mara kama ina chaji. Aliogopa bushi, mbao za madaraja, mito, nyani. Kesho yake mchana simu ikalia, na nyuma ya sauti ya Bi Biubwa kulikuwa na vigelegele na milio ya masufuria.

"Tumefika salama. Halikugonga," alisema. "Nimelisikiliza njia nzima. Limenyamaza mpaka Mahmoud kaanza kuongea, kumbe huyu mtu ana maneno hivi." Akamkemea mtu aliyefunua sufuria, kisha akarudi. "Mwanangu, umekula?"

Kibwana alijibu kwamba amekula. Hakuwa amekula. Raya anasema alimkuta amesimama chini ya turubai, simu imeshakatika, bado ameiweka sikioni.

Alipotembelewa nyumbani kwake Mji Mkongwe kuthibitisha habari hizi, Bi Biubwa alikuwa akichambua karafuu. Hakukanusha chochote. "Andika yote, sina cha kuficha," alisema, halafu akamwita mwandishi arudi alipokuwa ameshafika mlangoni. "Ila magunia, andika matatu."

Kilichofuata baada ya harusi ile, Kibwana hakukitarajia. Jikoni Saadani, Bi Biubwa alikuwa ameisimulia hadithi mwenyewe, kwa vitendo, na wanawake wa pwani nzima wakaisikia. Sasa wanakuja wao wenyewe na magari yao, bila kuwatuma waume wala madereva. Wanakuja na mizigo yao, mama zao na watoto wao, na kumwambia fundi bila haya ni nani akikaa wapi ndipo gari linagonga.

"Zamani mtu alikuwa ananiletea gari tupu na ananificha nusu ya habari," anasema. "Siku hizi naletewa familia nzima. Napata ubovu mara moja."

Tatizo ni kwamba gereji haina pa kuwakalisha. Wageni wanakaa juu ya matairi, wengine na mabuibui mapya, na mvua ikija wote hujibanza pamoja chini ya turubai. Kibwana ameshanunua mabati. Mpango wake, kabla ya masika, ni kulijenga shimo upya kwa zege, kuliezeka, na kuliwekea mfereji wa kutoa maji ili vyura watafute makazi mengine. Siku moja, akijaliwa, anataka pia mashine ya kukandamizia bushi, ili asivute tena kwa bolti na bomba.

Mchana huu, ustadhi amekwisha kuondoka na gari lake likiwa kimya, na Kibwana anapima ardhi kwa futi kamba. Lakini hapimi karibu na shimo. Anapima upande wa pili, penye kivuli.

"Mimi nilitaka shimo liwe la kwanza," anasema. "Mama alikuja jana akasema wanawake hawawezi kukaa juu ya matairi. Kasema benchi kwanza, la mninga, lenye mahali pa kuegemea."

Na ameamuaje?

Kibwana anavuta futi kamba, anaongeza upana, anafikiri kidogo, kisha anaongeza tena.

"Benchi kwanza," anasema.